Pedali ya Kushoto

Baiskeli ya marehemu iliegemezwa ukutani nyuma ya ofisi ya upelelezi, na Inspekta Polycarpe Kalumba alikuwa amepiga magoti mbele yake tangu saa moja asubuhi, suruali yake ya pekee isiyo na kiraka ikila vumbi. Hakujali. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano, mwaka 1993, na saa kumi alasiri treni ya kwenda jimbo la Kasai ingeondoka Kolwezi, mji wa shaba wa Katanga, Tshimanga akiwa ndani au akiwa nje.

Akibaki nje, Tshimanga ni mtu wa kuzikwa. Hilo halikutaka upelelezi. Tangu mwaka uliopita watu wa asili ya Kasai walikuwa wakitolewa majumbani mwao na kuswagwa hadi stesheni, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapahapa, baba zao wakiwa wameletwa kuchimba shaba kabla Inspekta mwenyewe hajazaliwa. Mianda, mke wa Tshimanga, alikuwa amelala nje ya stesheni siku kumi na moja na watoto wanne, akingoja behewa. Behewa lilipopatikana, mume akakamatwa. Walisema amemuua Stanislas Mwenze, msukuma makala wa barabara ya Mutshatsha, Jumanne alasiri, penye handaki la zamani la vita. Sasa wanaume watano wa bariera, kile kizuizi cha barabarani cha waliokuwa wakiwafukuza Wakasai, walikuwa wamekaa nje ya lango la mahabusu wakitafuna mihogo, wala hawakuficha wanachongoja.

"Saa nane faili iwe mu meza yangu," mwendesha mashtaka alikuwa amemwambia. "Ukikosa kitu, mi nitatumia bile biko: shahidi mumoja, na masizi mu tairi ya kinga ya ule Mukasai."

Kinga, ndivyo wanavyoita baiskeli huku.

Kalumba aliigusa pedali ya kulia. Imekaza barabara. Akaigusa ya kushoto, ikacheza. Akaivuta kidogo tu, nayo ikachomoka mkononi mwake bila kuzungushwa hata mara moja. Aliigeuza kwenye mwanga. Meno ya skrubu yalikuwa yamelika, chuma kinang'aa kipya, na ubavuni mwa pedali kulikuwa na alama nyeupe za jiwe. Mtu alikuwa ameigonga mpaka ikakwama, akaridhika.

Joyeuse, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, kitenge kimefungwa kifuani kwa msiba. Alikuja kudai mwili wa mumewe tangu jana na alikuwa bado hajapewa jibu.

"Mama Joyeuse," Kalumba alisema, "Stany alikuwa anatosha pedali, anazifungua, wakati gani?"

"Kila akija mu muji, tata. Kinga ikibeba masaki ine ya makala, haipandwe, inasukumwa. Pedali inapiga muguu, inachuna nyama. Kabla ya kutoka ku nyumba anazitosha, anafunga mu kitambaa, anatia mu mufuko. Akimaliza kuuzisha njo anazirudisha, anapanda, anarudia."

"Tangu miaka ngapi?"

"Munane. Mara mbili kila juma."

"Na hii ya kushoto, inafungwa namna gani?"

Mjane alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yanachotwaje. "Kinyume, tata. Boliti yote ya dunia unazungusha huku, ile unazungusha kule. Hata batoto yangu banajua."

Kalumba aliiweka pedali kwenye mkoba wake. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Jumanne alibeba nini?"

"Makala."

"Makala tu?"

Joyeuse aliangalia lango, wale watano na mihogo yao.

"Masini ya kushona," alisema hatimaye. "Ya bibi ya mwalimu, Bakasai ba Mutshatsha. Bariera inakamata bitu byabo byote. Stany akatia masini mu saki, akafunika na makala. Akasema, ule mama atafika kwabo na mikono mitupu, atakula nini?" Akajifuta uso na ncha ya kitenge. "Nilimukataza, tata. Hakusikia."

Basi Inspekta alikuwa na kitu, ingawa bado hakikuwa na umbo. Kesi yote ilisimama juu ya mdomo wa mtu mmoja, Henri, mkubwa wa bariera. Henri alisema kwamba Jumanne, saa saba na nusu, Tshimanga alipita kwa baiskeli akitoka mjini, na saa nane Stanislas akapita nyuma yake, amekwisha kuuza makala, anarudi kwake mtupu, anakanyaga pedali na kupiga mluzi. Jioni Tshimanga akarudi peke yake, matairi yana masizi, na kesho yake Stanislas akakutwa handakini, kichwa kimepasuliwa. Asubuhi ya Jumanne Tshimanga alikuwa parokiani mpaka saa sita, akiandika orodha ya wasafiri pembeni mwa padri. Ukimwondolea Stanislas ule uhai wa saa nane, ikawa alikufa asubuhi, Tshimanga yuko huru. Ukimwachia, Tshimanga amekwisha.

Gari la ofisi halikuwa limeonja petroli tangu Februari. Kalumba alichukua kinga yake mwenyewe, akaelekea magharibi.

*

Bariera ilikuwa kwenye kilometa ya tisa: mti umelazwa juu ya mapipa mawili, banda la maturubai, na wanaume kama kumi wenye mapanga. Henri alikuwa mtu wa heshima sana. Soksi zake zilikuwa nyeupe, na alikuwa na tabia ya kukushika mkono na kutouachia.

"Mukubwa Polycarpe! Hata we, mutoto ya Katanga, unasumbuka na kinga juu ya ule Mukasai?"

"Nasumbuka juu ya Stany. Yee naye alikuwa mutoto ya Katanga."

"Njo vile, njo vile." Henri alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mi nilimuona na macho yangu. Alinipungia mukono."

"Ukirudia hayo nikirudi, nitayaandika vizuri. Uweke sahihi."

"Hata mbili."

Upande wa nyuma wa banda mwanamke alikuwa akipinda bendera kwa cherehani ya mkono, na cherehani ilikuwa imekaa juu ya pipa bila kasha lake. Kalumba alimsalimu, akapanda kinga, akaondoka polepole kama mtu asiye na haraka.

Zamani barabara ile ilijaa watu. Sasa ilikuwa tupu, na ukimya wake ulimkaa vibaya. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka, na kilichosikika ni mnyororo wake tu uliokosa mafuta. Alipita gari la deraya lililochomwa kwenye vita ya siku sita, mwaka 1978, limelala ubavu, mbuzi wawili juu yake wakiota jua. Baada ya kilima kulikuwa na handaki, nalo ni la vita ya zamani zaidi, ya wakati Katanga ilipotaka kujitenga. Watu wa huku wanahesabu kilometa kwa vita, si kwa mawe ya serikali. Ukimwuliza mtu shamba lake liko wapi, atakuambia liko baada ya deraya, kabla ya makaburi.

Wenzake waliokuja jana walikuwa wameangalia damu tu, kisha wakaubeba mwili na kinga na kurudi mjini. Kalumba hakutazama damu. Alitembea kando ya barabara ameinama, hatua kwa hatua, mpaka akakuta alichokuwa akikitafuta: doa jeusi pana kama mkeka, makala yamesagwa kwa viatu, kisha yamefukiwa vumbi na mtu mwenye haraka. Saki lilikuwa limemwagwa pale. Mtu alikuwa akitafuta kitu ndani yake.

Mvua haikuwa imenyesha tangu Jumapili. Alichuchumaa. Juu ya doa, wazi kabisa, palipita alama ya tairi yenye kovu kila mzunguko mmoja, kwa sababu tairi la nyuma la Tshimanga lilikuwa limeshonwa kwa waya. Kalumba alikuwa amelipima jana yake mahabusu, vidole viwili. Akaweka vidole viwili kwenye kovu la vumbini. Sawasawa.

Aliifuata alama ile kwa mguu. Masizi yalififia kadiri ilivyokwenda mbele, kuelekea magharibi, hatua ishirini, thelathini, mpaka yakaisha. Alama yenyewe iliendelea hadi kwenye makaburi ya vita ya siku sita. Hapo pembeni yake zikaanza nyayo, maana pale hakuna mtu wa Kolwezi anayepita amekaa kitini. Unashuka, unasukuma, hata ukiwa na haraka ya namna gani. Kalumba naye alikuwa akisukuma, wala hakukumbuka kushuka. Kwenye safu ya tatu, msalaba mmoja ulikuwa umepakwa chokaa mbichi: KAZADI, MEI 1978. Tshimanga alikuwa amesema hivyohivyo tangu alipokamatwa, na hakuna aliyemsikiliza. Alikuja kumuaga kaka yake.

Sasa jambo likapata umbo. Tshimanga alipopita mara ya kwanza, akitoka mjini, makala yalikuwa yamekwisha kumwagika, na tairi lake likayabeba masizi. Kama Henri anasema kweli, Stanislas alikuwa nyuma ya Tshimanga, mzima, mtupu, anapiga mluzi. Basi yale makala ni ya nani?

Stanislas hakufika mjini Jumanne. Alikuwa akisukuma kwenda, si akipanda kurudi, na pedali zake zilikuwa kwenye kitambaa. Mtu alimwua asubuhi, akaiba mzigo, kisha akazifunga pedali ili ionekane alikuwa anarudi. Ya kulia ilimtii. Ya kushoto ikamshinda, maana aliizungusha kama boliti yoyote, akaishia kuitia kwa jiwe. Msukuma makala asingefanya hivyo hata amelewa.

Kalumba alipokaribia bariera, alisimama nyuma ya kichaka, akatoa ufunguo wa kumi na tano, spana ya pedali, na kuilegeza pedali yake ya kushoto mpaka ikatoka. Aliishika mkononi. Alijua ni upuuzi, mtu mmoja kwenda kucheza na watu kumi wenye mapanga. Aliogopa, na akaenda.

*

Kwanza maandishi. Alikaa kwenye kibao, akaweka daftari mapajani, karatasi ya kaboni katikati, akaandika polepole kila neno la Henri.

"Ulimuona Stanislas saa ngapi?"

"Saa nane kamili."

"Anasukuma, ao anapanda?"

"Anapanda. Mara ngapi nitasema?"

"Miguu yote mbili juu ya pedali?"

Henri akacheka. "Mukubwa, mtu anapanda kinga na muguu moja? Yote mbili."

"Kinga ilikuwa muzima?"

"Muzima kabisa. Ilikuwa inakimbia."

Kalumba alimsomea. Henri akaweka sahihi kubwa, yenye mkia. Alipomaliza, Kalumba aliinuka, akanyoosha mgongo, akaweka kiganja juu ya cherehani kama mtu anayetafuta pa kujishikilia. Kilirudi cheusi. Alikipangusa kwenye suruali bila kukitazama.

"Sasa nisaidie, tata," alisema. "Pedali imenitoka njiani. Macho yangu ni ya mzee, skrubu siioni. Nifungie."

"Lete hapa."

Henri alichukua pedali na ufunguo. Alizungusha kama boliti zote za dunia zinavyozungushwa. Pedali haikushika. Akaikandamiza kwa kiganja, akazungusha tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Haikushika. Akatukana kidogo. Kisha, bila kufikiri, akaangalia chini, akaokota jiwe lililojaa ngumi na kuliinua.

Kalombo, jamaa wa makamo aliyekuwa fundi wa reli kabla reli haijafa, alicheka ndani ya kikombe chake cha lutuku, pombe kali ya kienyeji. "Ee chef, we na bya kinga habipatane. Hata ile ya Jumanne ulipigaka tu na jiwe."

Hakuna aliyecheka naye. Henri alibaki mkono juu. Halafu aliushusha, polepole, lakini jiwe hakuliachia.

"Kalombo amelewa," alisema.

"Naona," Kalumba alijibu. "Wacha tu, nitasukuma. Mjini kuna fundi."

"Inspekta." Ile 'mukubwa' ilikuwa imekwisha. Wanaume wawili walikuwa wamehama kutoka kwenye banda, wamesimama kati yake na mti wa bariera. "Uliandika nini mu ile karatasi?"

"Maneno yako. Umesomewa."

"Unirudishie."

"Ni karatasi ya Leta, ya Serikali, tata."

"Leta njo mi, hapa."

Kalumba alivuta pumzi. Alifanya uso wa mtu aliyeshindwa. Alifungua daftari, akachana karatasi ya juu, akamkabidhi. Henri aliisoma midomo ikicheza, akaichana mara nne, akatupa vipande kwenye moto wa chai. Kisha akamrudishia pedali na ufunguo kwa heshima zake zote.

"Usalimie bibi."

"Atafurahi."

Alisukuma kinga hatua mia mbili bila kugeuka nyuma, kwapa limelowa. Alipofika kwenye kona aliifunga pedali kinyume, kama inavyofungwa. Mkononi ilimtoka mara mbili ndipo ikashika. Chini ya kaboni, kwenye ukurasa wa pili wa daftari, sahihi ya Henri ilikuwa ya bluu, kubwa, na mkia wake.

*

Mwendesha mashtaka alisoma nakala, akatazama pedali iliyolika meno, akasoma tena. Ilikuwa saa nane na robo.

"Hii ni kopi."

"Sahihi ni ya kwake. Anasema kinga ilikuwa muzima na marehemu anakanyaga pedali mbili. Ile pedali haiwezi kukanyagwa hata na kuku, bwana. Na cherehani ya wale wa Mutshatsha iko kwenye banda lake, imejaa makala mpaka ndani ya meno."

"Henri sitamukamata leo. Unajua vile."

"Sikukuomba Henri leo. Nakuomba Tshimanga."

Mwendesha mashtaka alikaa akiuma kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyumba, mke na dirisha linaloelekea barabarani. Mwishowe alivuta fomu ya kuachiliwa, akaanza kujaza, akasimama.

"Makao yake ni wapi? Mtu bila makao siwezi kumwachilia, sheria haikubali."

Tshimanga aliletwa. Alikuwa mrefu, jicho moja limevimba, na shati lake la ukarani bado limefungwa mpaka kifungo cha juu. Aliulizwa makao.

"Dilala, avenue Mupundu, namba kumi na ine."

"Ile nyumba iko na mtu mwingine tangu Krismasi," mwendesha mashtaka alisema, na aibu ikamjaa usoni waziwazi.

"Ni kwangu," Tshimanga alisema. "Sina pengine."

Kalumba alichukua kalamu mezani, akaandika mwenyewe: Dilala, avenue Mupundu, 14. Mwendesha mashtaka akagonga mhuri.

Walipotoka kwa mlango wa nyuma, waliwasikia wale watano wakiinuka langoni. Habari ilikuwa imewafikia. Halafu wakasikia sauti ya Joyeuse, imekwaruza kwa kulia lakini haitetemeki.

"Munaenda wapi? Mujane njo mi. Bwana ni wangu. Mi simushitaki ule mtu. Nyinyi munamushitaki juu ya nani? Mupite juu yangu kwanza."

Kalumba hakungoja kusikia jibu lao. Alimpakia Tshimanga nyuma ya kinga na kupitia vichochoro vya nyumba za Kampuni ya shaba, akikanyaga kama kijana, mapafu yakimwaka moto. Aliona haya kumwacha mjane peke yake, akaendelea kukanyaga.

Stesheni, Mianda aliwaona kwa mbali. Hakupiga kelele. Aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika, akaja akamgusa mumewe kifuani, mabegani, usoni karibu na lile jicho, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichopungua. Watoto walikuwa wamekwisha kupandishwa. Injini ilikuwa imewashwa.

Tshimanga alibaki chini, mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa, akisoma karatasi yake. Aliisoma yote, mpaka mstari wa mwisho ambao huwa umechapwa tayari kwenye kila fomu.

"Inspekta, hapa imeandikwa: hana kosa, anaruhusiwa kurudi nyumbani kwake."

"Ndivyo."

"Mi nimezaliwa mu ile nyumba. Nikiipeleka hii karatasi kule Dilala, nikapiga hodi, watanifungulia?"

"Hapana, tata."

"Hata ukinisindikiza?"

"Hata nikikusindikiza."

Tshimanga alitikisa kichwa, bila hasira, kama karani aliyethibitisha hesabu aliyokuwa akiijua. Alikunja karatasi mara mbili, akampa mkewe aitunze, akapanda.

Treni iliondoka saa kumi na dakika ishirini. Ofisini, daftari la mahabusu lilikuwa wazi mezani, na mbele ya kila jina palikuwa na nafasi ndogo ya kuandika mtu amekwenda wapi. Kalumba alichovya kalamu. Kanuni ilitaka maneno yaleyale ya fomu, bila kuongeza na bila kupunguza, naye alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Mbele ya jina la Tshimanga aliandika: amerudi nyumbani kwake.